Elimu ya afya nayo ifungiwe hesabu

Mwenye duka la jumla Kariakoo anapofunga hesabu za mwaka hahesabu katoni alizoshusha kutoka kwenye lori, wala matangazo aliyobandika mlangoni. Huhesabu zilizouzwa, zilizorudishwa na zilizoharibikia stoo. Kama alitangaza kwa shilingi milioni mbili na mauzo yakabaki palepale, hasemi tangazo lilifana kwa kuwa watu wengi walilisoma. Husema fedha imepotea, na mwaka unaofuata hutafuta njia nyingine.

Katika elimu ya afya mambo huenda kinyume. Ripoti nyingi za miradi hufungwa kwa hesabu ya vilivyotoka: vipeperushi vilivyochapishwa, semina zilizofanyika, vipindi vilivyorushwa hewani, fulana na kofia zilizogawiwa, na idadi ya watu "waliofikiwa". Ni nadra mlipaji kuelezwa ni wangapi waliobadili mwenendo, kama mabadiliko hayo yaliletwa na mradi wenyewe au na mengine, na kila badiliko limegharimu kiasi gani.

Kwamba hii nayo ni biashara hapana ubishi. Wachapaji wanaishi kwa mabango. Vituo vya redio vinauza muda wa hewani. Kumbi za mikutano zinauza chai na vitafunwa, wasanii wanalipwa kwa maigizo na washiriki wanachukua posho. Hakuna dhambi mtu kulipwa kwa kazi aliyoifanya. Kasoro ni kwamba wote hawa hulipwa kazi ikitoka, iwe imezaa au haikuzaa, na mnunuzi hana njia ya kuirudisha bidhaa mbovu.

Kwa miaka mingi ulegevu huo ulivumilika kwa sababu sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ya wafadhili. Kilichopotea hakikuuma. Sasa hali imebadilika. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mosi mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa na kazi zilizosalia kuhamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Miradi mingi ya afya Afrika Mashariki ilitikisika, na ile ya elimu ikiwamo.

Fedha inapopungua, lazima kitu kikatwe. Swali ni kipi. Asiye na daftari atakata kwa kubahatisha: atabakiza mradi wenye kelele na kuua ule wenye faida. Wahenga walikwisha sema, mali bila daftari huisha bila habari. Katika jambo hili kinachoisha si mali peke yake. Shilingi iliyopotezwa kwenye bango lisilofundisha ni shilingi iliyokosekana kwenye dawa ya mtoto.

WALIOFIKIWA NI AKINA NANI?

Kati ya kipeperushi na afya ya mtu kuna ngazi nne. Kwanza ujumbe umfikie. Pili auelewe. Tatu atende. Nne, kitendo hicho kizuie ugonjwa au kifo. Kila ngazi hupoteza watu, kama gunia lililotoboka linavyopoteza mahindi njiani.

Tuchukue hesabu ya kubuni tu. Mradi umetumia shilingi milioni moja na ujumbe umewafikia watu 1,000. Nusu yao wameuelewa. Kati ya hao 500, mmoja katika kila kumi ametenda. Waliobadilika ni 50. Ripoti itakayoandika watu 1,000 itaonyesha kuwa kila mtu amegharimu Sh. 1,000. Ukweli ni kwamba kila aliyebadilika amegharimu Sh. 20,000. Na kama 30 kati ya hao 50 wangebadilika hata bila mradi, gharama ya kila badiliko ambalo mradi umelileta ni Sh. 50,000.

Nambari hizo tatu zinatoka kwenye mradi mmoja. Ya kwanza ndiyo inayoandikwa kwenye ripoti zenye picha za rangi. Ya tatu ndiyo ambayo mfanyabiashara yeyote angeitaka kabla ya kutia saini awamu ya pili. Nayo haipatikani bila kujua nini kingetokea kama mradi usingekuwapo.

DAFTARI LA DODOMA

Wapo watakaosema hesabu ya namna hiyo ni ya nchi tajiri, haiwezekani hapa. Inawezekana, na moja ya hesabu zinazotajwa sana duniani katika fani hii ilifanyika Tanzania, tena kwa redio ya umma.

Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa mfululizo ulioitwa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, kuhusu uzazi wa mpango na Ukimwi. Waliokuwa wasikilizaji enzi hizo wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori asiyetulia na wanawake, ambaye mwishowe Ukimwi ulimwondoa. Wanamkumbuka pia mkewe Tunu, aliyeachana naye na kuanzisha biashara yake ndogo. Mtindo huo ulitokea Mexico, ambako Miguel Sabido aliutumia kwenye tamthilia za televisheni katika miaka ya 1970: kuwe na mtu mbaya anayevuna alichopanda, mtu mwema anayefanikiwa, na watu wa katikati wanaoyumba kisha wakajirekebisha.

Kilichoufanya mchezo huo usomwe vyuoni hadi leo si utamu wake tu. Kituo cha Dodoma hakikuurusha hadi mwaka 1995. Muda huo kilitoa vipindi vyake vingine. Kwa miaka miwili nchi ikawa na daftari lenye pande mbili: upande uliosikia na upande ambao haukusikia. Timu ya Profesa Everett Rogers wa Marekani na wenzake, wakiwamo Watanzania, ilihoji kaya zipatazo 2,750 kila mwaka. Zaidi ya hapo, ilikwenda kwenye vitabu vya kliniki.

Katika kliniki 79 zilizochunguzwa, wastani wa watumiaji wapya wa uzazi wa mpango kati ya Juni 1993 na Desemba 1994 ulipanda kwa asilimia 32 kwenye maeneo yaliyosikia mchezo. Eneo la Dodoma wastani huo ulibaki karibu palepale. Mchezo ulipoanza kusikika huko mwaka 1995, nako matumizi yakapanda.

Uzito wa matokeo hayo unaonekana ukikumbuka kuwa katika kipindi hichohicho kulikuwa na mambo mengine. Mpango wa taifa wa uzazi wa mpango ulikuwa ukipanuka na nembo ya Nyota ya Kijani ilikuwa ikienezwa kwenye vituo vya huduma. Kama kusingekuwa na Dodoma, kila mwenye kampeni angejipatia sifa ya asilimia 32 yote. Vilevile, kama watafiti wangelinganisha tu wanaosikiliza na wasiosikiliza, wangepotoka. Mwenye redio wakati ule alikuwa pia mwenye kipato na shule zaidi kuliko asiye nayo, na mtu wa namna hiyo angeweza kwenda kliniki hata bila Mkwaju.

Kwa hesabu zilizotolewa baadaye, gharama ya kila mtumiaji mpya wa uzazi wa mpango ilikuwa chini ya senti 80 za Marekani. Hiyo ndiyo lugha ambayo mwenye fedha anaielewa. Ni bei ya kitu kimoja, inayoweza kulinganishwa na bei ya njia nyingine.

DAMU NA MANENO

Hata hivyo daftari la Twende na Wakati lilikuwa na ukurasa dhaifu. Kuhusu Ukimwi, asilimia 82 ya wasikilizaji walisema wamebadili mwenendo ili kujikinga. Walisema. Sehemu kubwa ya ushahidi wa upande huo ilitegemea maneno ya wahusika wenyewe, na mtu anayeulizwa na mgeni mwenye karatasi kama bado anatembea ovyo anajua jibu linalotakiwa.

Hatari ya kutegemea maneno ilionekana wazi Mwanza. Mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza mwaka 1999 katika maeneo 20 ya vijijini. Kumi yalipata elimu ya uzazi na Ukimwi kwa wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba, huduma za afya zinazowakaribisha vijana na mgawo wa kondomu. Kumi mengine yalikuwa ya kulinganishia. Ulikuwa ushirikiano wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF, chuo cha tiba za nchi za joto cha London na Serikali. Vijana 9,645 walifuatiliwa. Walimu walifundishwa vizuri na vitabu viliandikwa kwa uangalifu. Kwa vipimo vya kawaida vya ripoti, huu ulikuwa mradi wa daraja la kwanza.

Matokeo ya 2001 na 2002 yalionyesha kuwa ujuzi wa vijana uliongezeka na misimamo yao ilibadilika. Wavulana walitaja wapenzi wachache zaidi. Kama kazi ingeishia hapo, ingeandikwa kuwa ushindi mtupu. Lakini watafiti walichukua pia damu. Katika maambukizi ya VVU, katika virusi vya malengelenge ya sehemu za siri na katika mimba, hapakuonekana tofauti ya kutegemewa kati ya pande mbili.

Baadhi ya watu walijitetea kuwa muda ulikuwa mfupi. Basi watafiti wakarudi mwaka 2007 na 2008 na kupima watu 13,814 wa umri wa miaka 15 hadi 30 katika maeneo yaleyale. Ujuzi bado ulikuwa juu zaidi kwa waliofundishwa. Maambukizi ya VVU hayakuwa pungufu.

Ndani ya utafiti huohuo lilijitokeza jambo jingine la kushtua. Baadhi ya wasichana waliopatikana na mimba au maambukizi ya zinaa walikuwa wamejaza kwenye fomu kwamba hawajawahi kufanya ngono. Hawakuwa waongo kuliko watu wengine. Waliulizwa swali ambalo binti wa kijijini hawezi kulijibu kwa mtu asiyemjua bila kujivunjia heshima.

Je, fedha za Mwanza zilipotea? Hapana. Kilichonunuliwa kilikuwa ukweli ambao mapambano dhidi ya Ukimwi yaliuhitaji: kumfundisha mtoto darasani hakutoshi ikiwa wazazi, wanaume wakubwa wenye fedha na desturi za kijiji vimebaki vilevile. Msichana anayepewa zawadi na mtu mzima hakosi habari za Ukimwi. Anachokosa ni uwezo wa kukataa. Watafiti walishauri kazi ipanuliwe kwa jamii nzima, badala ya kurudia somo lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Mfanyabiashara aliyegundua mapema kuwa bidhaa haitoki amepata hasara ndogo. Anayeendelea kuagiza kontena baada ya kontena bila kuangalia rafu ndiye anayefilisika.

NENO LISILOFIKA

Kabla ya kupima matokeo kuna ubora wa chombo chenyewe, yaani bango, kijitabu au kipindi. Hapa kosa la kawaida ni kuhukumu kwa macho ya ofisini. Daktari anathibitisha kuwa maelezo ni sahihi, ofisa anapenda rangi, nembo za wafadhili zinapangwa chini kwa ukubwa uliokubaliwa, na mtambo wa kuchapa unawashwa. Yule ambaye kimetengenezwa kwa ajili yake hajaulizwa.

Mfano mzuri unatoka Bagamoyo. Watafiti waliofanya kazi wilayani humo katika miaka ya 1990 walikuta kuwa "homa ya malaria" kwa wananchi wengi ni ugonjwa wa kawaida unaotibika kwa dawa za dukani au zahanati. Mtoto anapokakamaa na kutupa mikono na miguu, huo hauitwi malaria. Unaitwa degedege, wengi wakiamini ni mambo ya shetani, na mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga. Kwa daktari, degedege la namna hiyo mara nyingi ni malaria kali yenyewe, na kila saa inayopita inahesabika.

Sasa fikiria kipeperushi kinachosema: "Mtoto akipata malaria mpeleke hospitali haraka." Kitaalamu hakina kosa hata moja. Kiswahili chake ni safi. Mama mwenye mtoto aliyeshikwa na degedege atakisoma, atakubaliana nacho, na atampeleka mtoto kwa mganga, kwa sababu kwake kipeperushi hakikuzungumzia ugonjwa huo. Nakala laki moja za kipeperushi hicho ni nakala laki moja za kosa moja, na risiti ya mchapaji haitalionyesha.

Dawa ya kasoro hii ni ya bei ndogo. Kabla ya kuchapa, nakala chache zipelekwe kwa watu wanaohusika, si kwa maofisa wenzao. Waulizwe: unaona nini hapa? Kinakwambia ufanye nini? Kuna neno linalokukwaza? Wewe au jirani yako mnaweza kulifanya hilo? Mtu asiulizwe kama amependa, maana kwa adabu zetu mgeni haambiwi kazi yake ni mbaya. Aombwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Siku chache za kazi hiyo wilayani zina gharama ndogo kuliko kuchapa upya, na ni ndogo mno kuliko mzigo wa karatasi unaooza kwenye stoo ya wilaya.

CHANDARUA CHENYE BEI

Mahali ambapo elimu iliunganishwa na bidhaa na bei, kipimo kilikuwa rahisi zaidi. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga mkoani Morogoro, mradi uliosimamiwa kutoka Ifakara uliuza vyandarua na dawa ya kuvitia kwa jina la Zuia Mbu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Wananchi walihojiwa kwanza kuhusu mbu, malaria na usingizi. Ndipo jina, matangazo na mtandao wa wauzaji vikapangwa. Wenye maduka vijijini walikuwa miongoni mwa wauzaji, na kina mama wajawazito na wenye watoto wadogo walipewa hati za kupunguziwa bei.

Ndani ya miaka mitatu sehemu ya watoto wachanga wanaolala kwenye vyandarua vyenye dawa ilipanda kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya asilimia 50. Kwa kuwa eneo hilo lilikuwa na rejesta ya kudumu ya vizazi na vifo, watafiti waliweza kwenda hadi ngazi ya nne. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2001 ilieleza kuwa matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 katika kunusurika kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Mwaka 2004 taifa zima lilianza mpango wa Hati Punguzo uliofuata njia hiyohiyo.

Hapa duka lilikuwa sehemu ya daftari. Muuzaji wa kijijini anajua alichukua vyandarua vingapi na amebaki na vingapi. Hata hivyo, chandarua kilichouzwa si lazima kiwe kimetandikwa, wala anayelala ndani yake si lazima awe mtoto. Kwa sababu hiyo hesabu ya mauzo haikuachwa peke yake. Watu waliulizwa na kuangaliwa majumbani.

MIZANI IWE YA SAIZI YAKE

Wapo watakaouliza kwa nini basi kila mradi usipimwe kwa vifo. Burkina Faso inatoa jibu. Kuanzia 2012 hadi mwanzoni mwa 2015, maeneo saba ya redio za kijamii yalipata kampeni nzito ya kuwahimiza wazazi kupeleka watoto wagonjwa kwenye vituo vya afya, na maeneo mengine saba hayakupata. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 125.1 hadi 85.1 kwa kila 1,000 upande wa kampeni. Upande wa pili navyo vilishuka, kutoka 93.3 hadi 58.5. Tofauti iliyotokana na redio haikuweza kuthibitishwa.

Lakini vitabu vya vituo vya afya vilikuwa na habari nyingine. Katika mwaka wa kwanza, mahudhurio ya watoto kwenye maeneo ya kampeni yaliongezeka kwa asilimia 35 yakilinganishwa na mengine. Waliotambuliwa kuwa na malaria waliongezeka kwa asilimia 56, kichomi asilimia 39 na kuhara asilimia 73.

Mambo mawili yanajifunzwa hapo. La kwanza, bila maeneo saba ya kulinganishia, kampeni ingejitangaza kuwa imeokoa watoto wote waliokuwa sababu ya kushuka kwa vifo, na kumbe vifo vilikuwa vikishuka pande zote. La pili, pande mbili zilianza zikiwa na tofauti kubwa, na mizani ya vifo ikashindwa kuona kile ambacho kitabu cha mahudhurio kilikiona. Haifai kupima dhahabu kwa mzani wa mahindi. Kipimo kichaguliwe kulingana na kazi ambayo ujumbe ulipewa: kama ujumbe ni "njoo kituoni", wahesabiwe waliokuja.

HOJA ZA WANAOPINGA

Hoja ya kwanza ya wanaokwepa kupimwa ni gharama. Ni kweli kupima damu ya vijana 13,000 si kazi ya asasi yenye ofisi ya chumba kimoja. Lakini si kila mradi unahitaji hilo. Kila zahanati nchini inaandika vitabu vya MTUHA: wajawazito wangapi wamehudhuria, watoto wangapi wamechanjwa, wateja wangapi wapya wa uzazi wa mpango. Taarifa hizo zipo tayari na mlipa kodi amekwisha kuzilipia. Mradi unaohimiza chanjo katika tarafa moja unaweza kulinganishwa na tarafa jirani kwa gharama ya karatasi, nauli na mtu mmoja mwenye kujua hesabu.

Hoja ya pili ni ya haki: kwa nini wengine wanyimwe elimu ili wawe wa kulinganishia? Ingekuwa na nguvu kama fedha zingetosha kwa wote siku moja. Hazitoshi, na hazijapata kutosha. Siku zote wilaya fulani hutangulia na nyingine husubiri, na mara nyingi kinachoamua nani atangulie ni ukaribu wa barabara ya lami au sauti ya mkubwa. Kupiga kura kwa uwazi kuna haki zaidi. Na aliyesubiri hupata kitu ambacho kimekwisha kujaribiwa, kama Dodoma ilivyopata mwaka 1995.

Hoja ya tatu ni kwamba elimu ni mbegu, haivunwi kesho. Ni neno zuri, lakini hata mkulima wa korosho anayesubiri miaka kadhaa huenda shambani kuangalia kama mche umeshika. Mwanza ilipewa karibu miaka tisa.

KINACHOTAKIWA

Halmashauri, mifuko ya bima, makampuni yanayotoa misaada na wafadhili waliobaki wana silaha moja ambayo wauzaji wa elimu ya afya hawawezi kuipuuza, nayo ni mkataba. Mkataba utaje tendo moja ambalo mradi unakusudia kulibadilisha na kiwango chake kabla ya kuanza. Utaje eneo litakalosubiri ili liwe la kulinganishia. Utake ushahidi ambao haumtegemei mhusika kujisema mwenyewe pekee, iwe ni kitabu cha kliniki, mauzo ya dukani au ukaguzi wa nyumba kwa nyumba. Sehemu ya malipo ya mchapaji na mtayarishaji wa vipindi izuiwe hadi ionekane kuwa walengwa wameelewa. Anayepima asiwe anayelipwa na anayepimwa. Mwisho, gharama ya kila badiliko itangazwe hadharani, ili mradi wa mwakani uanze na bei ya kushindana nayo.

Masharti hayo yatawaumiza baadhi. Kampuni zilizozoea kuuza kofia zitapungukiwa zabuni, na mashirika yaliyojenga jina kwa idadi ya waliofikiwa yataonekana madogo kuliko yalivyodhaniwa. Lakini yatawainua watayarishaji wenye uwezo wa kweli, ambao leo wanashindana kwa bei na watu wasiojali kama kipindi kinasikilizwa au la. Soko lisilo na mizani huwaadhibu wauzaji waaminifu kwanza.

Bajeti zijazo za halmashauri zitapita kwenye mabaraza ya madiwani, na vifungu vya "uhamasishaji na uelimishaji" vitakuwamo kama kawaida. Diwani hahitaji shahada ya udaktari ili kuvihoji. Aulize mwaka jana fedha hizo zilibadilisha nini, ikilinganishwa na wapi, na kwa shilingi ngapi. Mtaalamu akikosa majibu, kifungu hicho kisubiri, na fedha iende kwanza kwenye dawa na chanjo ambazo faida yake inajulikana.